Vidonge anameza, saa hakuna anayezitunza

Ordonansi nyingi, yaani karatasi za daktari za kuandikia dawa, zinazotoka katika vituo vya afya vya Lubumbashi, Kongo, zina hesabu ileile: 3 × 1. Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Kwa amoksisilini hesabu hiyo inatosha. Ukichelewa saa moja leo na kuwahi saa moja kesho, koo litapona tu. Kwa mtu aliyekwisha kuishi na ugonjwa wa Parkinson miaka sita au saba, hiyo ni nusu ya ordonansi. Nusu iliyobaki, yaani saa ngapi hasa, na kabla ya chakula au baada yake, haikuandikwa. Kisha mgonjwa anarudi baada ya miezi mitatu akiwa amekakamaa vilevile, na swali la kwanza analokutana nalo ni: "Papa, hizi dawa unameza kweli?"

Anameza. Tumezoea kuwazungumzia wagonjwa wasiofuata dawa kwa lugha ya tabia: mzee mkaidi, mama msahaulifu, familia isiyojali. Kwa ugonjwa huu, mara nyingi idadi ya vidonge ni sahihi na saa ndizo zilizopotea. Wala hazikupotelea kichwani mwa mgonjwa peke yake. Zimepotelea kwenye ordonansi, famasi, jikoni, kanisani, na juu ya kitanda cha hospitali.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza mwaka 1817. Kutetemeka ndiko watu wanakokuona, lakini kinachomfunga mgonjwa zaidi ni uzito wa mwili: mwendo wa polepole, misuli inayokaza, uso usioonyesha furaha wala hasira, hatua fupifupi, mwandiko unaozidi kuwa mdogo. Ndani ya ubongo, seli zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo, na siku dalili zinapoonekana, sehemu kubwa imekwisha kwenda. Dopamini yenyewe huwezi kuimeza ikafika ubongoni, kwa sababu kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho haikivuki. Levodopa inakivuka, na ikishafika ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias, aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, alionyesha kwamba dozi kubwa za kumeza, zikipandishwa taratibu, zinawasimamisha watu waliokuwa hawasogei. Tangu miaka ya 1970 levodopa inafungwa katika kidonge kimoja na kabidopa au benserazidi, ili isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni na isimtapishe sana mgonjwa. Zaidi ya miaka 50 imepita, na hakuna kidonge cha Parkinson kilichoipita. Haiponyi. Inamrudishia mtu mwili wake kwa saa kadhaa.

Saa kadhaa tu. Levodopa ikishaingia kwenye damu pamoja na kabidopa, nusu yake inatoweka ndani ya takriban saa moja na nusu. Miaka ya mwanzo mgonjwa halihisi hilo, kwa sababu seli zilizobaki bado zinaweka akiba. Waliokulia katika makambi ya Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, wataelewa haraka: nyumba iliyopokea posho ya mwezi haikujali duka likifungwa siku mbili, unga ulikuwa ndani. Nyumba inayonunua unga wa leo kwa hela ya leo, duka likichelewa kufunguliwa, watoto wanalia. Ubongo wenye Parkinson unaanza kama nyumba ya kwanza na unaishia kama ya pili. Baada ya miaka kadhaa kila kidonge kinalisha saa zake tu. Kikichelewa, mwili unajifunga.

Na unajifunga mbele ya watu. Mama huyohuyo aliyemenya vitunguu saa 3 asubuhi anashindwa kufunga kifungo cha blauzi saa 6. Saa 7 amekwisha kumeza, saa 8 anafagia uwanja. Kwa mwenye kujua dawa, hiyo ni ratiba inayosomeka vizuri kabisa. Kwa majirani ni jambo la kutisha au la kukasirisha. Wengine wanasema anajifanya: mbona asubuhi alikuwa mzima? Wengine wanafikiri kwa mantiki ambayo, ukiisikiliza vizuri, si ya kipumbavu: ugonjwa wa hospitali hauji na kuondoka mara tatu kwa siku moja, basi huu ni wa kutumwa. Nimesikia hoja hiyo hata kwa watu waliosoma. Jibu lake liko kwenye saa ya kidonge, lakini familia haikupewa saa yoyote, imepewa 3 × 1.

Usidhani ni sisi tu. Glasgow, kule Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwapa wagonjwa wa Parkinson chupa za dawa zenye kifuniko kinachorekodi kila kinapofunguliwa. Wengi walikuwa wakimeza karibu idadi yote waliyoandikiwa. Saa za kumeza ndizo zilizokuwa ovyo. Hao ni watu ambao umeme haukatiki na famasi haikosi dawa. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya matibabu ya muda mrefu, likasema kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wanaoyafuata inavyotakiwa, na kwamba kumlaumu mgonjwa peke yake ni kupotea njia. Miaka zaidi ya 20 baadaye, hapa kwetu bado tunaanzia kwa mgonjwa.

Tuseme mgonjwa wetu ni mzee wa miaka 68, anaishi Katuba, komuni ya Lubumbashi. Mke wake anatoka alfajiri kwenda kuuza soko. Wajukuu wanakwenda masomo. Nyumbani kuna mlo mmoja wa maana, nao ni wa jioni. Mzee huyu alifundishwa tangu utoto, na mama yake, na muuguzi wa dispensari, na kila mtu, kwamba dawa kali haimezwi tumbo tupu. Kwa hiyo asubuhi anasubiri. Kama kuna chai na mkate, anameza saa 3. Kama hakuna, anameza mchana, jirani anapomletea muhogo. Kidonge cha pili na cha tatu anakutanisha jioni, kwa sababu amekumbuka kwamba vilikuwa vitatu. Jioni hiyo bukari, yaani ugali, imeiva, na leo kuna samaki aina ya thomson, au maharagi. Anakula, anameza. Saa mbili zinapita, mwili haujafunguka. Anamwambia mwanawe kwamba famasi ile inauza dawa feki.

Hesabu ya vidonge vyake ni kamili. Ungemkagua kwa kuhesabu plaketi za vidonge, ungemsifu. Lakini alikaa asubuhi nzima bila dawa, kisha akaimeza pamoja na chakula kibaya kuliko vyote kwa kidonge hicho. Samaki, nyama, maharagi, mayai na maziwa ni protini. Tumbo likizivunja zinakuwa amino asidi, na baadhi ya hizo zinapita katika mlango uleule unaopitisha levodopa, kwanza kwenye utumbo, halafu tena kwenye mpaka wa damu na ubongo. Zikijaa mlangoni, levodopa inasubiri nje. Dawa haikuwa feki. Ilikosa nafasi ya kupita.

Hapa ndipo ushauri usiogharimu hata faranga moja unapokosekana. Levodopa inamezwa nusu saa kabla ya chakula, au saa moja na zaidi baada yake, kwa maji ya kutosha. Ikileta kichefuchefu, hasa wiki za mwanzo, mgonjwa anaweza kutanguliza kitu chepesi kisicho na protini nyingi: kipande cha muhogo, ndizi, tonge la bukari tupu, chai isiyo na maziwa. Bukari yenyewe haina shida kubwa, shida ni mboga, yaani kitoweo, inayokwenda nayo. Na tafadhali, hilo lisigeuke kuwa amri ya kumkataza mzee samaki na maharagi. Wagonjwa wa Parkinson wanakonda kirahisi, na mzee anayekula mara moja kwa siku hana cha kupunguza. Wale ambao protini inawasumbua waziwazi wanashauriwa kuihamishia jioni, ili dozi za asubuhi na mchana zifanye kazi saa ambazo mtu anahitaji kutembea. Ratiba ya Katuba, yenye mlo mkubwa jioni, tayari inafanana na ushauri huo! Kilichobaki ni kumwambia mzee kwamba kidonge cha asubuhi hakihitaji kusubiri mkate. Vidonge vya kuongeza damu navyo, vyenye madini ya chuma, vinaishika levodopa tumboni. Ni lazima vitenganishwe nayo kwa saa mbili hivi. Ni wangapi wameandikiwa vyote viwili kwenye karatasi moja, 3 × 1 na 3 × 1, wakavimeza kwa mkupuo mmoja?

Kuna fedha pia. Kizazi kinachougua Parkinson leo Lubumbashi, watu wa miaka 60 na 70, ni kile kilichokulia mikononi mwa kampuni. Mtu wa Gécamines hakununua dawa: kampuni ilikuwa na hospitali zake, na mfanyakazi, mke na watoto walitibiwa humo. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990 mishahara ikakatika, na mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia, ambao uliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Waliondoka na kiasi fulani mkononi, bila hospitali. Sasa mtu huyo huyo, aliyezoea kupokea dawa dirishani kwa kuonyesha kitambulisho cha kazi, anatuma mjukuu famasi kununua vidonge vinne kwa sababu hela ya leo ni ya vinne.

Kununua kidonge kimoja kimoja kuna madhara ambayo hayaonekani kwenye bei. Sanduku halifiki nyumbani, kwa hiyo karatasi ya maelezo haifiki, na jina na nguvu ya dawa vinabaki kwenye kipande cha plaketi kilichokatwa kwa mkasi. Levodopa na kabidopa zinakuja kwa nguvu mbalimbali: kuna kidonge cha 100/25 na cha 250/25. Famasi ya kwanza ikiishiwa cha 250, ya pili inatoa cha 100, kimoja kwa kimoja, na mgonjwa amepoteza zaidi ya nusu ya dozi bila kukosa hata kidonge kimoja. Modopar nayo ina hesabu yake: iliyoandikwa 250 ina levodopa 200 na benserazidi 50. Zipo pia zile zinazoyeyuka polepole, ambazo hazitakiwi kusagwa wala kutafunwa. Nyumba yenye mgonjwa anayepaliwa inazisaga kwenye kijiko kwa nia njema kabisa. Muuzaji wa dawa anayeuliza "ile ya mwanzo ilikuwa ngapi?" amefanya kazi kubwa kuliko anavyofikiri.

Fedha ikikatika kabisa, dawa inakatika ghafla, na hapo suala linatoka kwenye usumbufu na kuingia kwenye hatari ya maisha. Mgonjwa aliyezoea levodopa kwa muda mrefu akiikosa kwa mkupuo anaweza kupata homa kali, misuli ikakaza kama mbao, akili ikavurugika, figo zikaharibika. Watu wanakufa kwa hilo. Inafanana sana na malaria kali au na shambulio la roho chafu, na ndivyo itakavyosomwa kama hakuna aliyeuliza lini alimeza mara ya mwisho. Kwa sababu hiyo siwezi kupita bila kuwataja wachungaji. Funga kavu ya siku tatu, bila maji wala kidonge, ni desturi ya kawaida katika vyumba vya maombi vya mji huu, na mgonjwa anayetetemeka ndiye wa kwanza kuitwa mbele. Sioni faida ya kupigana na kanisa kuhusu uponyaji. Ombi ni dogo: funga isihusishe dawa ya mtu wa Parkinson, na ushuhuda wa kupona usitolewe kwa kutupa plaketi. Mtumishi wa Mungu anayejua kwamba kusimamisha ghafla kunaua atalikubali hilo. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Kuna wazo jingine, hili limetoka kwa waganga wenyewe, wenye makoti meupe. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba levodopa ina miaka yake: ukiianza mapema itachakaa mapema, na mwili utaanza kuyumbayumba wenyewe, basi bora kuchelewesha. Wazo hilo limeteremka hadi kwa wagonjwa, na utamkuta mama anayemeza nusu ya dozi yake ili "asiimalize nguvu". Mwaka 2014 watafiti walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Waghana walikuwa wameipata levodopa kwa kuchelewa sana, si kwa hekima ya daktari, kwa ukosefu tu. Kama kuchelewesha kungelinda, wao wangelindwa. Haikuwa hivyo. Mabadiliko ya ghafla ya mwili na miyumbo vilikuja kufuatana na umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi ya siku. Urefu wa muda waliomeza dawa haukuleta tofauti. Miaka ile waliyokaa bila dawa ilikuwa miaka ya mateso bure. Huo ni ushahidi uliotoka Afrika, na unastahili kufika kwenye vyumba vya daktari vya Afrika haraka kuliko ulivyofika.

Mgonjwa wa Parkinson akilazwa kwa jambo lingine kabisa, nyonga iliyovunjika au malaria, anaingia katika ratiba ya wodi. Dawa zinagawiwa saa za wodi. Vidonge vyake vimewekwa kabatini au vimebaki nyumbani. Siku ya upasuaji anaambiwa asiweke kitu mdomoni tangu usiku, ingawa mara nyingi kidonge cha levodopa kinaweza kumezwa kwa maji kidogo, daktari wa usingizi akikubali. Akitapika anachomwa metoklopramidi, ile inayojulikana kwa wengi kama Primperan, ambayo inaziba njia za dopamini hasa anazozihitaji. Akichanganyikiwa usiku anapewa haloperidoli, na asubuhi amekuwa gogo. Uingereza nako ilikuwa hivyo. Mwaka 2006 chama cha wagonjwa wa huko kilianzisha kampeni ya kudai dawa kwa wakati hospitalini, na leo miongozo ya nchi hiyo inataka levodopa itolewe ndani ya dakika 30 za saa ya mgonjwa mwenyewe. Kwetu kuna kitu ambacho Waingereza hawana: mlinzi wa mgonjwa, ndugu anayelala chini ya kitanda, anayepika, anayenunua kila kitu hadi glavu. Mtu huyo yuko pale saa 24. Mpeni vidonge na saa, aweke sahihi kwenye karatasi ya wodi, na wodi itakuwa imetatua tatizo ambalo hospitali za Ulaya bado zinahangaika nalo. Binafsi nashangaa kwamba tunamtuma huyo ndugu kutafuta damu na mafuta ya jenereta, lakini hatumwamini na kidonge.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Levodopa inaleta wepesi, na wepesi unatamaniwa. Baadhi ya wagonjwa wanajiongezea dozi hadi mwili unacheza bila amri, usingizi unapotea, na wanaanza kuona watu wasiokuwepo. Dawa nyingine za Parkinson, zile zinazoiga dopamini, zinaweza kumsukuma mtu mpole kwenye kamari au ununuzi usio na breki. Familia inayojua hilo itasema mapema. Na upupu? Ndiyo, mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, na zimejaribiwa kwa wagonjwa Bolivia kwa matokeo ya mwanzo ya kutia moyo. Lakini unga wa kwenye kichupa cha sokoni hauandikwi una kiasi gani, na anayeuchanganya na vidonge anameza dozi mbili akidhani ni moja. Amwambie daktari wake, hata kama anaogopa kugombezwa.

Wanaosema wagonjwa wetu hawana nidhamu waniambie mgonjwa wa kifua kikuu wa Kenya au Kampemba, komuni za mji huu, ameipata wapi yake. Dawa yake ni ya bure. Anaanza matibabu mbele ya macho ya muuguzi. Kadi yake ina visanduku vya kujaza. Akikosa, relais communautaire, mhudumu wa afya wa mtaa, anabisha mlangoni. Mwenye virusi vya UKIMWI anapokea dawa za kutosha miezi kadhaa, na kabla ya hapo ameketi na mshauri aliyemweleza kwa nini saa ni muhimu. Kufuata dawa kwa wagonjwa hao kulijengwa, kwa pesa za wafadhili na kazi ya watu wengi, tangu ngazi ya wizara hadi avenue. Mwenye Parkinson ni jirani yao, amelelewa katika mji uleule, na anatarajiwa kuyafanya yote hayo peke yake, kwa mkono unaotetemeka, na mara nyingi kwa kumbukumbu inayoanza kudhoofika. Mtu aliyefanya kazi za zamu miaka 30 katika kiwanda cha shaba hahitaji kufundishwa kutunza saa. Anahitaji kuambiwa ni zipi.

Kuandika saa kwenye ordonansi kunamchukua daktari sekunde kumi. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni: dozi nne ndogo kwa baadhi ya watu zinafaa kuliko tatu kubwa, na daktari akizipanga kulingana na mlo wa nyumba hiyo, na mzigo wa kazi wa nyumba hiyo, ameshatibu zaidi ya nusu. Simu ya vibonyezo inayokaa na chaji siku nne, hata SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, inapiga kengele vizuri kuliko simu kubwa ya kijana wa nyumbani iliyokufa tangu juzi.

Upatikanaji wa dawa ndio mgumu, na hapo sina subira na hotuba. Levodopa na kabidopa ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana mpango wa miaka kumi kuhusu magonjwa ya mfumo wa fahamu, Parkinson ikiwemo. Huduma ya afya kwa wote ilianza kwetu mwaka 2023 kwa upande wa uzazi, na ni sawa kuanza hapo. Wazee watasubiri foleni ndefu. Katika kusubiri, kuna jambo ambalo famasi mbili tatu za Lubumbashi zinaweza kulifanya mwezi huu bila kuomba ruhusa Kinshasa. Mwenye famasi hataki kuweka sanduku nyingi za dawa inayotoka polepole, kwa sababu zitaisha muda kwenye rafu na hasara ni yake. Ana haki. Lakini wagonjwa hawa hawabadiliki: atakayenunua Januari atanunua Juni, dozi ileile. Daftari moja lenye jina, nguvu ya kidonge, idadi kwa siku na tarehe ya kuishiwa linamwambia mfanyabiashara aagize ngapi kabla lori halijafika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na linampa sababu ya kumuuzia mzee plaketi nzima kwa malipo ya wiki kwa wiki. Anayeuza unga kwa mkopo Katuba anafanya hivyo kila siku, na daftari lake limejaa.